Mwenye Amri Tunamjua, Si Yule Dada wa Saluni

(Haya niliyasema kwenye kikao cha vijana wa chama, Arusha, Agosti 2025. Wenzetu ambao hawakufika waliomba yaandikwe. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu kelele.)

Kwenye ratiba nimeandikiwa nizungumzie "uhusiano mwema na majirani". Ni mada ya mabalozi hiyo, mtaniwia radhi. Mimi nitaanza na viti.

Viti mlivyokalia hapo nyuma, vile vya plastiki vya bluu, si vya chama. Ni vya dada mmoja mwenye saluni mtaa wa pili kutoka hapa. Ni Mkenya. Tangu mwaka juzi tukiwa na kikao tunaazima kwake, na hajawahi kututoza hata mia. Akina dada mliomo humu, wengine nywele mlizonazo kichwani leo amezisuka yeye. Wiki hii nimekwenda kuazima tena. Akavitoa, akavihesabu kama kawaida yake, halafu akaniuliza, "Kaka, na nyinyi mmesemaje?"

Nikajifanya sijaelewa. Akarudia: "Hii mambo ya leseni. Chama chenu kila siku mnaongea. Hii mmesema nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa najua tulichokisema, na sikutaka akisikie. Kwenye kundi letu la WhatsApp, amri ilipotoka, kijana mmoja aliandika "waende kwao, walitutukana sana hao". Zikafuata zile alama za kucheka kwa machozi. Nilizihesabu, zilikuwa kumi na tatu. Hakuna aliyepinga. Mimi ni kiongozi wenu na mimi sikupinga. Tena niseme yote: mwezi Mei na mimi nilisambaza ujumbe mmoja unaoanza na maneno "Tatizo la Wakenya ni hili". Sikuuandika mimi, ila vidole vilivyousambaza ni vyangu.

Sasa tuanze na amri yenyewe, maana naona wengi tunaigombania bila kuisoma. Mwishoni mwa Julai Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, alitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara. Inataja aina 15 za biashara ambazo mtu asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Zimo biashara ya jumla na rejareja ukiacha supamaketi na wauzaji wa jumla wa aina fulani. Umo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, usafi wa nyumba na ofisi, uchimbaji mdogo, kuongoza watalii, udalali, kununua mazao shambani, viwanda vidogo. Na saluni, isipokuwa iwe ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii. Anayekiuka, faini si chini ya shilingi milioni 10, au jela hadi miezi sita, na viza na kibali cha ukaazi vinafutwa. Mtanzania atakayemsaidia, milioni 5 au miezi mitatu. Kwa hiyo jina lake ni amri ya leseni, lakini ukifika mwisho wa karatasi unakutana na uhamiaji. Mwenye leseni hai anaendelea mpaka iishe. Ya dada yetu inaisha Oktoba.

Msimamo wangu juu ya amri nitausema haraka, maana si wote mtakubaliana nami na haina neno. Kilio cha Kariakoo ni cha kweli. Mtu anaingia nchini kwa kibali cha uwekezaji mkubwa, miezi sita baadaye unamkuta anauza soksi na taa za betri rejareja, bei chini ya yule aliyekopa benki kwa dhamana ya nyumba ya baba yake. Hilo lazima litafutiwe dawa. Lakini amri imemchukua huyo mwenye makontena, ikamchukua na dada wa draya mbili na kioo, ikawatia kwenye gunia moja. Tena imejifanya kama hakuna Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu iliisaini mwaka 2009 na ikaanza kutumika Julai 2010, na ndani yake mna haki ya raia wa nchi mwanachama kwenda kufungua biashara nchi nyingine. Ukitaka kuibadilisha itifaki, kaa mezani uibadilishe. Na Nairobi tayari wako wanasiasa wanaotaka jino kwa jino. Jino lenyewe litakuwa la nani? La vijana wetu wanaochuuza mitaani Nairobi na Mombasa. Waziri hachuuzi popote.

Basi. Hayo ni ya amri. Kilichonifanya nisimame hapa ni kitu kingine.

Fuatilieni Wakenya walivyoipokea. Wako waliokwenda moja kwa moja kwenye karatasi: kifungu hiki kinavunja itifaki, waziri huyu ajibu. Hao tunaweza kukaa nao na tukapata kitu. Halafu wako walioandika "Watanzania ni wabaguzi", "Watanzania wana wivu", "Watanzania Kiingereza kimewashinda ndiyo maana wanaogopa ushindani". Mimi niliposoma hiyo ya tatu, damu ilipanda. Kwa dakika tano nzima nilikuwa upande wa waziri. Mimi! Ambaye asubuhi yake nilikuwa naandaa hoja za kumpinga. Nikajiuliza, huyu aliyenitukana amepata nini? Waziri hakupoteza hata nywele moja. Amepata mtetezi mpya wa bure.

Mei tuliliona hilo kwa ukubwa wake. Mnakumbuka. Martha Karua alikuja kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu pale Kisutu, akarudishwa kutoka uwanja wa ndege. Akafuata Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga na wenzake, wakarudishwa. Boniface Mwangi na Agather Atuhaire wa Uganda wakashikwa siku kadhaa, mmoja akaja kutupwa Ukunda kule Kwale, mwingine mpakani Mutukula, na wote wawili wakasema waliteswa. Lilikuwa jambo zito, lenye maswali yenye majina: nani alitoa amri, nani aliendesha gari, kwa nini watu hawa hawakufikishwa mahakamani. Halafu namba za simu za wabunge wetu zikasambazwa, vijana wa Kenya wakazijaza matusi, vijana wa hapa wakajibu, na ndani ya siku tatu mjadala ukawa Kiswahili cha nani ni kibovu na wanawake wa nchi gani ni wazuri. Wabunge waliokuwa na deni la kujibu wakageuka kuwa waliotukanwa. Mwisho wa mwezi Rais Ruto akaomba radhi kwa majirani Watanzania. Vizuri. Ila swali la nani alimtupa mwanamke mpakani usiku lilikuwa limeshafunikwa na matusi.

Na serikali yoyote inaupenda mchezo huo. Ukisema "amri yako mbovu", inabidi ijibu kuhusu amri. Ukisema "watu wako wabaya", inaondoka kwenye kiti cha mshitakiwa, inakwenda kusimama katikati ya watu, inasema: mmesikia wanavyotutukana? Hapo mpinzani wa ndani umekwisha. Ukiendelea kuikosoa unaitwa kibaraka wa waliotutukana. Hayo ndiyo maisha yetu sisi, hatuyasomi kitabuni.

Naomba niwarudishe 2019. Juni mwaka ule mbunge wa Starehe, Nairobi, yule msanii Jaguar ambaye nyimbo zake sote tumezicheza harusini, alisimama mbele ya kamera akasema wafanyabiashara wa kigeni, akatutaja na sisi, wasipoondoka ndani ya saa 24 watatolewa madukani na kupigwa. Hapa kwetu moto uliwaka. Bungeni Dodoma ikazungumzwa. Mitandaoni ilikuwa "Wakenya wametutishia". Lakini serikali ya Kenya ilimkana na wiki ileile polisi wa Kenya wakamkamata. Wakenya chungu nzima walimshambulia kwa maneno makali kuliko yetu. Kwa hiyo sentensi "Wakenya wametutishia" haikuwa kweli hata siku ile ilipoandikwa. Aliyetutishia alikuwa na jina, jimbo na namba ya simu ya ofisi.

Nadhani lugha yetu yenyewe inatuponza hapa. Tunasema "Kenya imekataa", "Tanzania imefukuza", "Marekani imezuia", kana kwamba nchi ni mtu mmoja mwenye mdomo. Magazeti yanapenda hivyo kwa sababu ni fupi, inaenea kwenye kichwa cha habari. Mtu anaisoma, anaitafuta hiyo Tanzania iliyofukuza, haioni, anaoniona mimi kwenye basi la Namanga.

Mfano mwingine ni wa Kenya hiyohiyo, na huu naupenda kuliko yote. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba itaifunga kambi ya Dadaab na wakimbizi wa Kisomali warudi kwao, ikavunja na idara ya serikali iliyokuwa ikishughulikia wakimbizi. Sasa fikirini mtu wa Mogadishu siku ile akisema "Wakenya hawana huruma". Angekuwa na sababu ya uchungu, sitambishia. Lakini waliokwenda Mahakama Kuu kuizuia serikali ni Wakenya: tume ya taifa ya haki za binadamu ya kule, na Kituo cha Sheria. Februari 2017 Jaji John Mativo, Mkenya, akasema uamuzi ule ni kinyume cha katiba na ni batili. Watu walioitwa hawana huruma ndio waliokuwa na faili mkononi. Ukiwatukana wote, unamtukana na wakili wako.

Na sisi? Tusijifanye wasafi. Mwaka 2013 kulikuwa na Operesheni Kimbunga. Rais Kikwete alitoa wiki mbili kwa wahamiaji wasio na vibali kuondoka Kagera na mikoa ya jirani, kisha vikosi vikaingia. Maelfu walikwenda Rwanda, Burundi na Uganda, na wako waliokuwa wamezaliwa hapa, wameoa hapa, wamezika hapa. Familia zilikatwa katikati, mume ng'ambo, mke na watoto huku. Wakati ule tulikuwa na mzozo na Rwanda, na vijana wengi wa mitandaoni walishangilia. Wengine walikuwa wa upinzani, nasema ninachokijua. Halafu Oktoba 2014, serikali ileile, rais yuleyule, ikawapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na vizazi vyao, watu takriban 162,000. Sasa mtu wa Bujumbura aseme nini kuhusu "Watanzania"? Ni wakatili au ni wakarimu? Swali lenyewe bovu. Kulikuwa na uamuzi mbaya na uamuzi mzuri, kila mmoja na mwenyewe. Na kulikuwa na jirani mmoja Kagera aliyemficha mtu, na mwingine aliyekwenda kumchongea ili achukue shamba lake. Wote wawili walikuwa Watanzania.

Wale mnaocheza bahati nasibu ya green card nanyi mnalo la kukumbuka. Mwanzoni mwa 2020 serikali ya Trump iliwaondoa Watanzania kwenye bahati nasibu ile, ikisema serikali yetu haitoi taarifa za kutosha kuhusu watu wake. Kijana wa Sakina aliyejaza fomu yake sawasawa alikosa nini? Alihesabiwa pamoja na serikali ambayo pengine hakuipigia kura. Mnaona ladha yake? Ndiyo hiyohiyo tunayomnywesha dada wa saluni tukimwambia "mlitutukana". Aliniambia, "Kwani mimi ndio nilitukana wabunge wenu? Mimi nilikuwa hapa nikisuka."

Sasa kuna hoja ya kamanda mmoja, aliniambia nje kabla hatujaingia, na si hoja ya kipuuzi. Anasema: serikali haishuki na mvua, inatoka kwa watu. Watu wanaipenda amri hii. Ukizunguka soko la Kilombero utakuta mama wa mchicha anaisifu. Kwa nini wananchi wasilaumiwe?

Namjibu hivi. Kwanza, amri hii haikupigiwa kura na mama wa mchicha. Ni amri ya waziri. Pili, kuhusu serikali kutoka kwa watu, kamanda, wewe umesimama kwenye vituo vya kura mwaka 2020 na kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa mwaka jana. Umeona majina yakikatwa. Unataka Mkenya aamini kwamba kila kinachofanywa Dodoma ni sauti yako? Ukikubali hivyo leo, kesho usiende kulalamika kwa mtu kwamba sauti yako haisikiki. Tatu, mwananchi anayeshangilia, jadiliana naye. Mwambie umekosea, kwa sababu hii na hii. Anayempiga mgeni au kumpora duka, huyo ni mhalifu, ashitakiwe kwa alichokifanya. Mwaka 2008 Afrika Kusini waliuawa watu 62 kwenye mashambulizi dhidi ya wageni, na karibu theluthi yao walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Kundi likishaanza kuwinda "wao", halisomi vitambulisho vizuri. Siwaambii mwananchi hakosei. Nawaambia kosa lake ni lake, usimchukulie la waziri wala usimpe jirani yake.

Nne, na hili kwangu ndilo zito. Tunataka nini kutoka nje? Kila mkubwa akikamatwa tunawaomba Wakenya, Waganda, Wazungu wapaze sauti. Tunawaambia: msituhesabu pamoja na wanaotufunga, Tanzania si wao peke yao. Martha Karua hakupanda ndege kwa ajili ya serikali yetu, alipanda kwa ajili yetu. Sasa tutamwombaje mtu atutenganishe na serikali yetu, wakati sisi hatuwezi kumtenganisha yeye na mbunge wake aliyeropoka?

Lakini kuna sehemu ya mzigo ni yetu. Mtu wa nje atajuaje kwamba si sote tumekubali, kama hatujasema? Dada wa saluni hakuniuliza kama mimi ni mtu mzuri. Aliuliza tumesema nini. Na kwa wiki mbili jibu la halali lilikuwa: tumecheka, mara kumi na tatu.

Kwa hiyo nimeandika rasimu ya tamko, iko kwa katibu, kurasa mbili. Mtaiona haina neno "Wakenya" wala "Wachina" mahali pa kulaumu. Inataja amri, inataja vifungu, inamtaja waziri. Inasema mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo alindwe kwa kukagua vibali vya uwekezaji na forodha, siyo kwa kukimbiza mafundi simu. Inataka raia wa nchi za Jumuiya watolewe kwenye zuio hili kama itifaki inavyotaka. Kuna aya moja nimeiandika kwa hasira, mtaitambua, naomba mnisaidie kuipoza. Ikipita leo, tuitume na kwa vijana wenzetu wa Nairobi tunaowafahamu, tuwaombe na wao waandike la kwao kwa wanasiasa wao wanaotaka kulipiza. Wakikataa, la kwetu litabaki palepale.

Yule kamanda wa "waende kwao" sitamtaja, na naomba msimtazame. Tumeshaongea, na yeye ndiye aliyetoa wazo la kipengele cha ukaguzi wa forodha, maana ana duka na anayajua. Ujumbe wangu wa Mei nimeufuta, najua kufuta hakusaidii, nimeandika na wa kuukana chini yake.

Mwisho kabisa ni la viti. Ni kumi na nane. Kikao cha mwezi uliopita tulirudisha kumi na saba na hakusema kitu, kile cha kumi na nane nimekikuta leo nyuma ya mlango wa ofisi kimewekewa ndoo ya rangi. Tukimaliza nataka watu wanne tuvibebe pamoja, vyote, vikiwa vimefutwa. Nani anakuja?